Aliyevaa Ngozi ya Simba Alikuwa Mtoto

Muhula uliopita kikundi chetu cha sanaa kiliandaa igizo kwa ajili ya siku ya utamaduni hapa chuoni. Tulikuwa saba, wanne tukitokea Singida. Kila kikundi kilipewa dakika ishirini. Sisi tuliandika igizo la mbojo, yaani mtu-simba, tukafanya mazoezi wiki tatu nyuma ya bweni, usiku, hadi wenzetu wakadhani tumeanzisha kikundi cha maombi. Siku mbili kabla ya onyesho tukaitwa na mmoja wa wasimamizi wa ratiba. Alituambia kwa upole kabisa: "Vijana, hili liondoeni. Singida ina alizeti, ina kuku, ina Liti na nyuki wake. Mambo ya wachawi ya nini?"

Basi tukacheza Liti. Tulipigiwa makofi mengi. Mimi nilikuwa nyuki wa tatu kutoka kushoto.

Sina ugomvi na Liti. Kwetu kila mtoto anamjua: mwanamke wa Kinyaturu ambaye, Wajerumani walipokuja na bunduki mwanzoni mwa miaka ya 1900, yeye inasimuliwa kuwa aliwafungulia nyuki. Uwanja wa mpira pale mjini, ule uliokuwa ukiitwa Namfua, leo unaitwa Liti. Hiyo nayo ni hadithi ya vita, na watu wanakufa ndani yake. Lakini ni vifo tunavyoweza kuvisimulia tukiwa tumeinua kifua. Adui anatoka mbali, shujaa ni wetu, na hata akishindwa tunabaki na jina la kuandika getini.

Hadithi ya mbojo haiandikwi kwenye geti lolote. Ndani yake adui hatoki mbali. Ni jirani, na silaha yake ni mtoto. Ninaandika makala haya kwa sababu naamini hadithi tuliyoambiwa tuiondoe ndiyo tunayoihitaji zaidi.

Kwa msiotoka kwetu, nieleze kidogo. Kati ya mwaka 1946 na 1948, katika wilaya ya Singida, watu walikuwa wakikutwa wameuawa, miili ikiwa na alama kama za makucha. Ndiyo kwanza vita kuu ya pili imeisha, na vijana wa Tanganyika waliopelekwa hadi Burma wanarudi makwao. Watu walisema hao si simba wa porini, ni watu-simba. Serikali ya mkoloni ikafanya uchunguzi, watu wakakamatwa, kesi zikasikilizwa. Habari zikavuka bahari, magazeti ya huko yakazipokea kama kituko kingine cha Afrika. Mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyekuwa ameishi na Wanyaturu akiwatafiti, aliandika makala ya kulitazama upya jambo lote katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Nani hasa aliua, simba au mtu, ni mjadala ambao siwezi kuumaliza hapa, wala sioni kama ni lazima.

Kinachonishika mimi ni kile watu walichokuwa wakisimulia. Simulizi inasema hivi: mwenye kumtaka mbojo alimpata mtoto, wa kuiba au wa kununua, mara nyingi yule ambaye hakuna atakayemtafuta sana. Akamfungia shimoni, gizani, miezi na miaka. Akamfanya asiweze kusimama wima, atembee kwa miguu na mikono. Akamnyima maneno mpaka akasahau kusema. Kisha akamvika ngozi ya simba na makucha. Baada ya hapo mbojo aliweza kukodishwa. Una ugomvi wa shamba, una deni, una wivu, unamwendea mwenye mbojo, mnapatana bei.

Isome tena hiyo simulizi polepole, halafu uniambie uchawi uko wapi. Ondoa ngozi na makucha, kinachobaki ni maelezo ya namna mtu mzima anavyomgeuza mtoto kuwa kitu cha kuumiza wengine. Anamtenga, anamtia giza, anamnyang'anya lugha, anamvunja mwili, anampa kazi. Kila hatua imewekwa mahali pake. Waliotunga hii simulizi, au walioishuhudia, hawakuwa wajinga. Walijua vizuri ukatili unavyofanya kazi.

Bibi yangu alikuwa na kawaida moja. Hadithi za zimwi alizisimulia usiku, ndani ya tembe, upepo wa Singida ukivuma juu ya paa la udongo. Hadithi ya mbojo aliisimulia mchana tu, tukimsaidia kupepeta uwele. Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Zimwi ni hadithi, mjukuu wangu. Mbojo ni habari." Siku nyingine nikamuuliza yule mtoto alirudi kwao? Akaendelea kupepeta. Nikauliza tena. Akaniambia nikalete maji.

Nimewauliza wazee wengine swali hilo tangu nilipoanza kuandika igizo. Wanakumbuka ngozi, wanakumbuka makucha, wanakumbuka mama fulani aliyeuawa akitoka kuteka maji. Ukiuliza mtoto aliyekuwa ndani ya ngozi aliishia wapi, hapo kila mmoja anatafuta kitu cha kufanya. Katika hadithi za zimwi waliomezwa hutoka, kijana hupasua tumbo, kijiji kizima kinatoka na ng'ombe wao. Katika simulizi ya mbojo sijawahi kusikia mtu akitoka.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa yule msimamizi, na pengine ningelisema mapema.

Nina binamu yangu, mtoto wa mjomba. Nimemwomba ruhusa niandike haya, amekubali mradi jina lake lisitokee. Akiwa na miaka kumi alichukuliwa na mtu anayefahamika na ukoo, akachunge ng'ombe mbali, kwa ahadi ya mtamba mmoja kila mwaka. Familia ilikuwa na njaa mwaka ule na hakuna aliyeona ajabu. Nusu ya wavulana wa kijijini walikuwa wanachunga ng'ombe za watu. Alirudi baada ya miaka minne, bila mtamba hata mmoja. Alikuwa akilala nje, zizini. Alikula ameegemeza mgongo ukutani. Mtu akipaza sauti alidondosha alichoshika. Hakuwa anasema, au alisema neno moja asubuhi na jingine jioni. Wiki ya tatu alimpiga mtoto wa jirani kwa fimbo ya kuchungia hadi akamvunja mkono, kwa sababu tu mtoto yule alimshika bega kwa nyuma.

Sisi watoto tukampa jina. Tukimwona tunakimbia tukipiga kelele, "Mbojo! Mbojo!" Wakubwa walicheka. Jina hilo nililianzisha mimi. Nilikuwa na miaka minane, nilikuwa nimetoka kusimuliwa, na nilijivunia kulipata neno linalomfaa.

Baada ya miaka miwili aliondoka tena, akaingia machimboni, na huko yuko mpaka leo. Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa kumwita jina baya. Siku hizi naona kosa lilikuwa jingine. Jina lilikuwa sahihi. Nililoshindwa ni kuisikiliza hadithi hadi mwisho, niulize nani alimfunga shimoni, na nani wa kumvua ile ngozi. Hadithi ilikuwa mikononi mwangu nikaitumia kama jiwe.

Mtu atasema hayo ni mambo ya ukoo wako, ya kijijini. Hapana. Angalia majirani zetu. Mashariki ya Kongo, mwaka 1964, waasi waliojiita Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Wengi wao walikuwa vijana wadogo sana, na walirushiwa maji ya dawa wakaambiwa risasi hazitawapata. Miaka thelathini na kidogo baadaye, 1996 na 1997, jeshi la Laurent-Désiré Kabila lilivuka nchi nzima hadi Kinshasa likiwa na maelfu ya watoto wenye bunduki. Waliitwa kadogo. Ni neno letu hilo, la Kiswahili, neno la kumbembeleza mtoto. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15 kule Ituri.

Kesi ya Lubanga ilikuwa na mstari ulionyooka, maana aliyehukumiwa ni mwenye mbojo. Kesi iliyonikosesha usingizi ni ya Dominic Ongwen wa kaskazini mwa Uganda. Huyu alitekwa na kundi la Joseph Kony akiwa mtoto, akiwa njiani kwenda shule. Alikulia porini, akapanda vyeo hadi akawa kamanda, akafanya kwa wengine yale aliyofanyiwa na zaidi. Mwaka 2021 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa mengi ya kutisha, ikampa kifungo cha miaka 25, na majaji wakasema wamezingatia kwamba naye alitekwa akiwa mdogo. Sipingi hukumu. Waliouawa walikuwa watu, nao wana ndugu wanaowalilia. Lakini mahakama ina lugha yake: ana hatia au hana, miaka mingapi. Haina namna ya kusema mambo mawili kwa pamoja, kwamba huyu ni mnyama aliyeua na huyu ni mtoto aliyeibwa, mwili ni mmoja.

Hadithi inayo namna hiyo. Picha inayo. Mchoraji akichora simba ambaye kwenye mshono wa tumbo vinaonekana vidole vya mtoto, ameshasema yote mawili bila kumsamehe mtu wala kumsahau mtu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ambayo sanaa pekee inaweza kuifanya, na hadithi za kale ndizo zinazoipa vifaa. Ukimwambia mtoto aliyeumizwa, "Tueleze kilichotokea," atanyamaza. Ukimwambia, "Nichoree zimwi," atachora, na ukiangalia vizuri utaona zimwi limevaa saa ya mkononi, au limeshika fimbo fulani, au limekaa kwenye kiti cha baba.

Wala si jambo geni kwetu. Chukua Nunda, yule paka wa katika hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar na kuichapisha mwaka 1870. Paka anakamata ndama, sultani anaambiwa, anajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Anakamata mbuzi, jibu ni lile lile. Anaendelea kukua na jibu haligeuki, hata anapoanza kula watu, mpaka siku alipowakamata watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo anaposema kumbe huyu si paka. Na anayetoka kwenda kumtafuta Nunda si jeshi, ni mtoto wa mwisho, yule aliyedharauliwa, ambaye kila akiua mnyama anamletea mama yake na kumuuliza kama ndiye. Tulisomewa hiyo kama burudani. Mimi nikiisoma leo naona maelezo ya jinsi ukatili unavyolelewa nyumbani kwa ruhusa, na jinsi mzigo wa kuumaliza unavyoangukia watoto.

Au chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, ambayo wengi wetu tuliisoma ili tujibu maswali ya mtihani tu. Hussein alichukua vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 pamoja na imani ya maji iliyoipa nguvu, akaviweka jukwaani. Angeweza kuandika kwamba maji yalikuwa uongo, akamaliza. Angeweza pia kuandika kwamba yalikuwa kweli, watu wakapiga vigelegele. Alifanya jambo gumu zaidi: alituonyesha mtu aliyeumba neno, neno likakua likamshinda, na watu wakafa chini yake, na bado mwishoni anakataa kulikana. Hakuna aliyemwambia Hussein asilete mambo ya waganga. Na kama yupo aliyemwambia, tunashukuru hakusikilizwa.

Sasa nijibu hoja za upande wa pili, maana zipo na si za kupuuzwa.

Ya kwanza ndiyo nzito: kwamba kuleta mbojo jukwaani ni kuchochea imani za kishirikina katika nchi ambayo imani hizo zinaua. Ni kweli zinaua. Bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakati macho yale ni ya moshi wa kuni alizopikia wajukuu miaka hamsini. Wenzetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama, watoto wakiwemo. Igizo likionyesha mwanamke mzee fulani kuwa ndiye mwenye mbojo, watazamaji wakirudi nyumbani wanaweza kuanza kumtafuta wa kwao. Hoja hii ilitusumbua wiki nzima kwenye mazoezi, tena tuligombana. Uamuzi wetu ulikuwa huu: mwenye mbojo asionekane. Awe sauti tu, na sauti hiyo ibadilike kila mara, leo ya mwanamume, kesho ya kijana, mara nyingine ya mtu mwenye cheo anayesema maneno mazuri. Anayeonekana muda wote ni mtoto. Mtazamaji asitoke akiuliza mchawi ni nani. Atoke akiuliza ni mtoto gani kwetu anayefungiwa gizani. Huo ni uamuzi wa kisanaa, na unajibu hatari vizuri kuliko kunyamaza, kwa sababu imani hizo zimeishi vizuri sana ndani ya ukimya.

Hoja ya pili: mambo haya si ya watoto kuyaona. Jamani, sisi tuliyasikia tukiwa na miaka mitano. Tofauti ni kwamba tuliyasikia tukiwa tumeegemea mapaja ya mtu. Kulikuwa na "paukwa" mwanzoni na kulikuwa na mwisho, na katikati unaweza kusema "Bibi naogopa" akakuvuta karibu. Leo mtoto huyo huyo ana simu ya mama, anaona mtu akichomwa moto kwa kuitwa mwizi, video ya sekunde arobaini, bila paukwa na bila paja. Kama tunataka kumlinda, tumrudishie hofu iliyo na mlango wa kutokea.

Ya tatu ndiyo tuliyoambiwa sisi: mtauchafulia mkoa jina. Hii nitaijibu kwa ufupi. Singida ni mkubwa. Unaweza kubeba Liti na mbojo pamoja, kama unavyobeba Ziwa Singidani lenye chumvi na mashamba ya alizeti upande wa pili wa barabara. Mkoa unaosimulia ushindi wake tu huishia kuwa tangazo la biashara.

Kwa hiyo wanachuo wenzangu, nina ombi, na si kwa wa Singida peke yao. Likizo inakuja. Bumu likiwa limeisha au halijaisha, utakaa nyumbani wiki kadhaa. Tafuta ile hadithi moja ya kwenu ambayo huwa haisimuliwi wageni wakiwepo. Kila kwetu ipo. Usiiandike kama ripoti ya field. Uliza swali moja tu: ndani ya hii hadithi mtoto yuko wapi, na aliishia wapi? Wakinyamaza, hapo ndipo kazi yako inapoanzia. Ichore, iandikie shairi, ichonge, itungie muziki. Na kama una kamera, achana na kupiga picha za mawe ya Singida kwa wiki moja.

Kwa uongozi wa serikali ya wanafunzi, ambao ndio wenye gazeti hili, ombi langu ni dogo. Siku ya utamaduni ijayo, orodha ya vikundi ipitiwe na kamati yenye wanafunzi wa sanaa ndani yake, na kikundi kitakachokataliwa kipewe sababu kwa maandishi ili kiweze kujibu. Tukikataliwa kwa hoja tutakubali. Tulichokataliwa nacho sisi kilikuwa aibu ya mtu.

Nimalizie na binamu yangu. Wiki mbili kabla ya onyesho nilimtumia ujumbe, nikamweleza igizo linahusu nini, na nikamwomba msamaha kwa lile jina, miaka kumi na tatu nikiwa nimechelewa. Hakujibu siku tatu. Siku ya nne akaandika swali moja: "Mwishoni anaivua?"

Nikamwambia ndiyo. Dakika mbili za mwisho zilikuwa ni hizo: mtoto anahangaika na mshono, hawezi peke yake, na wanaotoka kumsaidia ni ndugu za mtu aliyemuua. Tulibishana sana juu ya sehemu hiyo, wawili kati yetu bado wanaona haiwezekani. Pengine wana haki. Binamu aliandika kwamba akipata ruhusa kazini atakuja kuiona.

Ilinibidi nimwambie kwamba tumecheza nyuki. Akajibu, "Sawa, mwakani basi." Mazoezi yataanza wiki ya pili ya muhula ujao, pale pale nyuma ya bweni. Nafasi mbili ziko wazi, na tunahitaji mtu anayejua kushona ngozi ili iwe inafunguka.